Kundi la Makontena Ndani ya Kompyuta Moja

Mtu anapotuma fedha kwa simu, au mwanafunzi anapotafuta matokeo ya mtihani siku yanapotangazwa, ombi lake halipokewi na kompyuta moja iliyokaa mahali ikimngojea. Hupokewa na kundi la kompyuta zinazogawana kazi, zilizopangwa kwa namna ambayo moja ikifa nyingine hushika nafasi yake, mara nyingi bila mtumiaji kutambua. Mpango huo ukiwa mzuri, huduma haikatiki. Ukiwa na kasoro, kasoro hiyo hujificha siku za kawaida na kujitokeza siku ile ambayo watu ni wengi na shida ni kubwa.

Hapo ndipo linapozuka swali la elimu. Kijana anayejifunza kutengeneza programu atazijua vipi tabia za kundi la kompyuta, ikiwa yeye anayo moja tu? Njia mojawapo ni kukodi kompyuta za kampuni kubwa za ng'ambo. Njia hiyo ina gharama. Mwezi Januari 2020, kampuni ya Amazon ilipunguza bei ya kusimamia kundi moja la aina hii kutoka senti 20 hadi senti 10 za dola ya Marekani kwa saa. Senti 10 ni kitu kidogo, lakini kundi lililoachwa likiwaka usiku na mchana kwa siku 30 hufikisha dola 72, kabla ya kulipia hata kompyuta moja ya kufanyia kazi yenyewe. Aidha, kukodi kunahitaji mtandao usiokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwanafunzi ambaye maabara yake ilikuwa ng'ambo siku hiyo alibaki nje ya mlango.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, ambayo watengenezaji wa programu duniani wameizoea: kuigawa kompyuta moja iwe kompyuta kadhaa za kuiga, kuziunganisha kwa mtandao uliomo humo humo, kisha kuendesha juu yake kundi kamili la makontena. Msomaji ataelezwa jinsi jambo hilo linavyowezekana, namna ya kupiga hesabu zake, na mipaka yake.

Mashine ndani ya mashine

Wazo la kuigawa kompyuta moja si geni. Katikati ya miaka ya 1960, watafiti wa kampuni ya IBM katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, walitengeneza mfumo ulioitwa CP-40. Mfumo huo ulimpa kila mtumiaji kitu kilichoonekana kwake kama kompyuta nzima, ingawa kwa hakika watumiaji wote waligawana mashine moja. Mwaka 1972 IBM iliutoa mfumo wa namna hiyo kwa wateja wake, kwa jina la VM/370. Kompyuta hiyo ya kuiga ndiyo inayoitwa mashine pepe.

Siri yake ni kwamba programu haiwezi kuigusa kompyuta moja kwa moja. Inapotaka kuandika kwenye diski au kutuma ujumbe, hutoa agizo. Ikiwa agizo hilo litadakwa na programu nyingine iliyo chini yake, nayo ikarudisha jibu lile lile ambalo kompyuta halisi ingelitoa, programu ya juu haina njia rahisi ya kutambua tofauti. Programu hiyo ya chini, yenye kazi ya kudaka, kujibu na kugawa, inaitwa programu simamizi. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, walieleza kwa hoja za kihisabati masharti ambayo prosesa hupaswa kuyatimiza ili jambo hilo lifanyike barabara. Kwa ufupi, kila agizo linaloweza kugusa hali ya mashine nzima lazima liweze kudakwa.

Prosesa za kompyuta ndogo zilizoenea ofisini na nyumbani hazikutimiza masharti hayo kwa miaka mingi. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ililizunguka tatizo kwa kuyatafsiri upya maagizo yenye hatari wakati programu inaendelea kufanya kazi. Mwaka 2005 kampuni ya Intel ilianza kutia ndani ya prosesa zake uwezo maalumu wa kusaidia mashine pepe, na kampuni ya AMD ikafuata mwaka 2006. Tangu hapo kompyuta ya kawaida ya mezani imeweza kubeba mashine pepe kadhaa bila kupoteza kasi nyingi. Mwalimu atakayejaribu jambo hili akumbuke kwamba katika baadhi ya kompyuta uwezo huo umezimwa na kiwanda, na hupaswa kuwashwa katika mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza.

Kontena ni nini?

Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa wanalijua kontena kwa macho. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X, mali ya mfanyabiashara Mmarekani Malcom McLean, iliondoka bandari ya Newark kwenda Houston ikiwa imebeba makontena 58. Kabla ya hapo mzigo wa meli ulipakiwa kipande kwa kipande: gunia, pipa, kasha. Faida kubwa ya kontena ilitokana na vipimo vyake kuwa sawa. Winchi haijali kama ndani mna kahawa au vipuri vya matrekta. Hulishika kwa pembe zile zile na kulipandisha.

Programu za kompyuta zilikuwa na taabu kama ile ya mzigo wa zamani. Programu haiendi peke yake. Huhitaji maktaba za programu nyingine, za toleo fulani na si lingine, pamoja na mafaili ya mipangilio mahali fulani. Hivyo programu iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta ya mtengenezaji ilihamishiwa kwenye kompyuta ya huduma na kukataa, kwa kuwa maktaba moja ilikuwa ya toleo la zamani. Kontena la programu hufungasha programu na mahitaji yake yote pamoja. Kifurushi kilichofungwa, ambacho bado hakijaanza kufanya kazi, kinaitwa kiolezo. Kutokana na kiolezo kimoja huweza kuanzishwa makontena kumi yaliyo sawasawa.

Ufundi wake una historia ndefu. Mwaka 1979, toleo la saba la mfumo wa Unix lilipata agizo la kuifungia programu katika sehemu moja ya diski, isione sehemu nyingine. Katika mfumo wa Linux, kuanzia mwaka 2002, ulianza kuongezwa uwezo wa kuitenga programu kwa upana zaidi, mpaka ikawa na orodha yake ya kazi, mtandao wake na jina lake. Mwaka 2008 uliingizwa uwezo wa kuiwekea kikomo cha kumbukumbu na cha muda wa prosesa. Mwaka 2013 zana iitwayo Docker iliyakusanya mambo hayo, ikayafanya mepesi kwa mtengenezaji wa kawaida, na tangu hapo makontena yakaenea.

Ni muhimu kutochanganya kontena na mashine pepe. Mashine pepe ni kama nyumba kamili yenye msingi wake: ndani yake umo mfumo mzima wa uendeshaji, pamoja na kiini chake. Kontena ni kama chumba katika nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana ufunguo wake na hamwoni mwenzake, lakini msingi ni mmoja. Makontena yote yaliyo katika kompyuta moja hutumia kiini kimoja cha mfumo wa uendeshaji. Kwa sababu hiyo kontena huanza katika muda wa sekunde au chini yake na hula kumbukumbu kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo ukuta wake ni mwembamba zaidi. Mwezi Februari 2019 ilitangazwa kasoro katika programu inayoanzisha makontena, ambayo iliweza kumpa mdukuzi aliye ndani ya kontena njia ya kuikamata kompyuta nzima. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini ilikumbusha watu kwamba chumba si nyumba.

Tofauti hii inaeleza pia kwa nini mashine pepe zinahitajika katika maabara ya nyumbani. Makontena ya Linux yanahitaji kiini cha Linux. Mtu mwenye kompyuta ya Windows au ya Apple, anapoyaendesha, huwa anaiendesha kwanza mashine pepe ya Linux, hata kama zana anayotumia imeificha isionekane.

Mshika usukani

Makontena yakiwa matatu mtu anaweza kuyatunza kwa mkono. Yakiwa mia tatu, katika kompyuta ishirini, haiwezekani. Lipi liwekwe wapi? Lililokufa usiku nani ataliinua? Kampuni ya Google, iliyokuwa imeendesha kwa miaka mingi mfumo wake wa ndani ulioitwa Borg, ilitangaza mwezi Juni 2014 mfumo mpya ulio wazi kwa wote, uitwao Kubernetes. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Julai 2015. Jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Ni neno lile lile ambalo Norbert Wiener alilichukua mwaka 1948 alipoipa jina elimu ya udhibiti katika viumbe na mitambo, na uhusiano huo si wa jina tu.

Msomaji afikirie friji. Mwenye friji haiambii iwashe mota saa nne na kuizima saa tano. Huchagua kiwango cha ubaridi anachotaka. Chombo kidogo ndani yake hupima joto lililopo, hulilinganisha na lile lililotakiwa, na tofauti ikizidi kiasi fulani huiwasha mota. Kisha hupima tena. Mzunguko huo wa kupima, kulinganisha na kurekebisha hauishi.

Kubernetes hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Mtumiaji haandiki hatua za kufuatwa, huandika hali anayoitaka, kwa mfano: "Programu hii iwe na nakala tatu." Tamko hilo huhifadhiwa katika daftari la kundi. Wadhibiti, ambao ni programu ndogo ndogo, huhesabu nakala zilizopo. Wakikuta mbili, huagiza moja iongezwe. Wakikuta nne, huagiza moja iondolewe. Hawaulizi kwanza ni nani aliyesababisha upungufu, wala hawahitaji kujua.

Kila kompyuta katika kundi huitwa nodi. Nodi kuu hubeba daftari, mpokezi wa maagizo, wadhibiti, na mpangaji ambaye huchagua nodi yenye nafasi ya kubeba kontena jipya. Nodi za kazi hubeba makontena yenyewe. Katika kila nodi yumo wakala, mfano wa mnyapara, anayepokea agizo kutoka nodi kuu, kulitekeleza, na kutoa taarifa mara kwa mara kwamba nodi yake ingali hai. Makontena yanayotegemeana sana huwekwa pamoja katika kifuko kiitwacho podi, na podi ndiyo inayohesabiwa na kuhamishwa.

Daftari na akidi

Daftari la kundi linastahili maelezo yake, kwa sababu likipotea kundi halijui tena lilitakiwa kuwaje. Katika huduma halisi daftari hilo huwekwa katika nodi kuu zaidi ya moja, kila moja ikiwa na nakala. Hapo huja tatizo la zamani: nakala zikitofautiana, ipi iaminiwe? Jawabu ni lile la mikutano ya chama. Hakuna uamuzi mpaka akidi itimie, na akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe wote, pamoja na wale wasiohudhuria. Hesabu yake ni hii:

Nodi kuu 1: akidi 1, zinazoweza kufa bila kazi kusimama: 0.
Nodi kuu 2: akidi 2, zinazoweza kufa: 0.
Nodi kuu 3: akidi 2, zinazoweza kufa: 1.
Nodi kuu 4: akidi 3, zinazoweza kufa: 1.
Nodi kuu 5: akidi 3, zinazoweza kufa: 2.

Wanafunzi wengi hushangaa kuona kwamba nodi mbili haziongezi usalama wo wote kuliko moja, na kwamba ya nne haileti faida juu ya tatu. Kwa hakika mbili ni hatari zaidi ya moja, kwa kuwa sasa kuna mashine mbili ambazo kifo cha yo yote kati yake husimamisha kazi. Sababu ya ukali huo hudhihirika pale mtandao unapokatika katikati. Nodi nne zikigawanyika mbili kwa mbili, na kila upande ukaruhusiwa kuendelea, kutakuwa na madaftari mawili yanayopingana. Kwa kudai zaidi ya nusu, haiwezekani pande mbili kutimiza akidi kwa wakati mmoja. Hili ni somo zuri la hesabu ambalo mwalimu anaweza kulifundisha ubaoni bila kompyuta yo yote.

Kuipigia hesabu kompyuta

Sasa msomaji achukue kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Maelekezo ya Kubernetes kwa wanaotumia zana ya kujenga kundi iitwayo kubeadm yanataka kila mashine iwe na gigabaiti 2 au zaidi, na nodi kuu iwe na prosesa mbili au zaidi. Mgawanyo wa kiasi ni huu: nodi kuu gigabaiti 4, nodi mbili za kazi gigabaiti 3 kila moja. Jumla ni 10. Zinabaki 6 kwa ajili ya kompyuta mwenyeji, yaani mfumo wake wa uendeshaji na programu anazotumia mtu.

Kosa la kawaida ni kugawa gigabaiti zote 16 kwa mashine pepe. Mwenyeji anapokosa kumbukumbu huanza kuhamishia sehemu yake kwenye diski, na diski ni polepole mara nyingi kuliko kumbukumbu. Hapo mashine pepe zote huzubaa pamoja, na mwanafunzi hudhani programu yake ina kasoro. Ndani ya mashine pepe zenyewe uhamishaji huo hupaswa kuzimwa. Kwa kawaida wakala wa nodi hukataa kuanza akiukuta.

Mwenye gigabaiti 8 asikate tamaa. Anaweza kuunda nodi kuu moja na nodi moja ya kazi, kila moja gigabaiti 2, akabakiwa na 4. Zipo pia aina nyepesi za mfumo huu, kama K3s iliyotolewa mwaka 2019, na zana kama Minikube ya mwaka 2016 inayoweza kulitosheleza kundi dogo ndani ya mashine pepe moja. Lakini nodi zikiwa zaidi ya moja, ndipo yanapoonekana mambo ambayo nodi moja haiwezi kuyafundisha.

Anwani zinazofanana

Mfano wa mambo hayo ni kosa moja ambalo limewasumbua wengi wanaotumia VirtualBox, programu simamizi inayopatikana bila malipo. Programu hiyo, isipoelekezwa vingine, huiweka kila mashine pepe katika mtandao wake wa peke yake unaoiwezesha kwenda nje. Katika kila mtandao huo mashine hupewa anwani 10.0.2.15. Mashine tatu, zote na anwani moja. Ni kama walimu watatu wa shule tatu waliopewa sanduku la posta lenye namba moja.

Jambo la kutatanisha ni kwamba kundi huonekana kuwa zima. Mawakala wa nodi za kazi hupiga simu kwa nodi kuu, nodi kuu huwasikia, na orodha huonyesha kwamba nodi zote ziko tayari. Shida huanza nodi kuu inapotaka kupiga yenyewe, kwa mfano mtumiaji anapoomba kusoma taarifa za kontena lililoko katika nodi ya pili. Nodi kuu hutazama daftari, husoma 10.0.2.15, na kubisha hodi kwenye mlango wake yenyewe. Bila shaka humo hamna kontena hilo, na jibu hurudi la kukosa.

Tiba yake ni kuipa kila mashine pepe kiungo cha pili cha mtandao, unaounganisha mashine hizo na mwenyeji tu, wenye anwani tofauti kama 192.168.56.11, 192.168.56.12 na 192.168.56.13, na kumwagiza kila wakala ajitambulishe kwa anwani hiyo. Tahadhari nyingine ya aina hii ni kwa anayenakili mashine pepe moja ili kupata tatu. Lazima ahakikishe kwamba majina, namba za utambulisho na namba za kadi za mtandao hazikunakiliwa pamoja.

Jaribio la kuzima mashine

Kundi likishasimama, mwanafunzi aanzishe programu ndogo inayojibu maombi, na atamke kwamba anataka nakala tatu. Kisha afanye majaribio mawili, akiandika saa ya kila tukio.

La kwanza, aifute podi moja kwa makusudi. Katika sekunde chache ataona nyingine imezaliwa, yenye jina jipya. Mdhibiti amehesabu, amekuta mbili, ameongeza moja.

La pili, aizime ghafla mashine pepe mojawapo ya kazi, kama vile umeme umekatika. Hapa mambo huenda polepole zaidi. Kwanza hakuna kinachotangazwa, kwa kuwa nodi kuu bado inangoja taarifa ya wakala. Baada ya sekunde 40 hivi au 50, kufuatana na toleo, nodi hiyo huandikwa kuwa haiko tayari, na maombi ya watumiaji huacha kupelekwa huko. Kisha, kwa mpangilio wa kawaida, hupita dakika nyingine tano kabla podi zake hazijapewa nafasi katika nodi iliyo hai.

Kwa nini kungoja hivyo? Kwa sababu ukimya si ushahidi wa kifo. Nodi iliyonyamaza yawezekana imekufa, na yawezekana mtandao wake umekatika kwa nusu dakika tu huku makontena yake yakiendelea na kazi. Mfumo unaohukumu haraka utahamisha podi ovyo kila mtandao unapoyumba. Unaochelewa utaacha huduma ikiwa pungufu. Dakika tano ni suluhu kati ya makosa hayo mawili, na mwenye kundi anaweza kuibadili. Mtengenezaji aliyelifanya jaribio hili hataweka nakala moja tu ya huduma muhimu akidhani kwamba mfumo utaiinua papo hapo. Atajua kwamba watu wake wangebaki dakika sita bila huduma, na kama huduma hiyo ni ya kuita gari la wagonjwa, dakika sita ni nyingi.

Uzuri wa mashine pepe ni kwamba uharibifu wote huo haudhuru kitu. Kabla ya jaribio, programu simamizi inaweza kuhifadhi hali ya mashine ilivyo. Jaribio likiharibika, mashine hurudishwa ilipokuwa kwa dakika chache, na kazi huanza upya.

Mipaka ya maabara hii

Kila mfano wa kisayansi una yale unayoyaonyesha na yale usiyoweza kuyaonyesha, na kundi la ndani ya kompyuta moja haliepuki kanuni hiyo. Nodi zake tatu hula umeme kupitia waya mmoja, huandika kwenye diski moja, na hutegemea mwenyeji mmoja. Waya huo uking'olewa, zote hufa pamoja, na hesabu nzuri ya akidi haisaidii kitu. Hesabu hiyo hudai kwamba vifo vya nodi visitegemeane. Kwa hiyo lisitumike kamwe kutolea huduma kwa watu huku mwenyewe akijisifu kuwa ana nodi tatu.

Pia halipimi kasi. Ujumbe kati ya mashine pepe hausafiri katika waya, na hivyo ucheleweshaji wa mtandao halisi hauonekani. Kwa upande mwingine diski moja huzidiwa na waandishi watatu. Nodi kuu zikiwa kadhaa, daftari la kundi hutegemea salamu kati yao ambazo kwa kawaida hutumwa kila sehemu ya kumi ya sekunde. Ukimya wa sekunde moja hivi huanzisha uchaguzi wa kiongozi mpya. Diski ikilemewa, chaguzi hurudiwa rudiwa bila mashine yo yote kuharibika. Aonaye hali hiyo nyumbani asikimbilie kulaumu programu yake.

Kinachothibitishwa vizuri na maabara hii ni mwenendo: je, programu inastahimili kuuawa na kuinuliwa mahali pengine? Je, inapoteza data iliyokuwa ikiiweka ndani ya kontena? Je, nakala tatu zinaelewana? Kasoro nyingi za huduma za umma ni za namna hii, na zote huweza kukamatwa mezani, kabla ya siku ya matokeo.

Shuleni

Shule yenye kompyuta moja nzuri na intaneti ya kupimwa kwa kifurushi inaweza kuanza. Sehemu kubwa ya matumizi ya mtandao ni kupakua violezo vya makontena na mfumo wa uendeshaji wa mashine pepe. Mwalimu avipakue mara moja, avihifadhi kama mafaili, na avinakili kwa flashi kwenda kompyuta nyingine. Akishafanya hivyo, kundi huweza kujengwa, kuvunjwa na kujengwa tena bila kutumia intaneti, na hata siku ambayo nyaya za baharini zimekatika somo litaendelea.

Ni vema wanafunzi wapangwe watatu watatu: mmoja aandike hali inayotakiwa, wa pili avunje kitu bila kuwaambia wenzake, na wa tatu atafute kilichovunjika kwa kusoma taarifa za nodi. Kisha wabadilishane. Kabla ya kuanza, kila kikundi kijibu kwa maandishi maswali mawili. Kundi lenye nodi kuu saba lina akidi ya ngapi, na linaweza kupoteza ngapi? Na ikiwa nodi zote saba zimo ndani ya kompyuta moja, jibu hilo la pili lina thamani gani?